Waliomfaulisha Leokadia

Hapo zamani, tena si zamani ya mababu bali zamani hii ya juzi juzi, kwenye milima ya Mbinga inakolimwa kahawa, aliishi muuguzi aliyeitwa Leokadia Ndunguru. Alifanya kazi katika zahanati ya kijiji, na nusu ya watoto mnaowaona wakikimbia kule walipokewa na mikono yake. Wasikilizaji wangu, sikilizeni vizuri, maana mwishoni nitawadai jibu, na jibu lenyewe mimi sina.

Leokadia alikuwa na jambo moja lililomkosesha raha. Watoto waliozaliwa kabla ya siku zao walikuwa wakimfia mikononi, naye hajui la kufanya. Akaomba chuo cha ng'ambo akasomee kuwatunza hao hao. Chuo kikakubali kumsomesha bure. Kikaweka sharti moja tu: afaulu mtihani wa Kiingereza, wa kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza.

Basi akaenda Songea kuufanya. Kusikiliza akaweza. Kusoma akaweza. Kuandika akajikongoja. Lakini alipoketi mbele ya mtahini ili azungumze, mdomo ukagoma. Maneno aliyajua, yote yalikuwa kichwani, na hakuna hata moja lililokubali kutoka. Akafeli. Chuo kikamwambia kitamngoja mara moja tu tena. Akifeli na hiyo, nafasi anapewa mwingine.

Leokadia akarudi kwake, akajifungia ndani, akalia. Na hapo ndipo wanapoingia watu watatu.

Wa kwanza ni Mwalimu Gaudensia Hyera wa sekondari ya kata. Huyu ndiye aliyemfundisha Leokadia Kiingereza tangu kidato cha kwanza, na alikuwa mkali, mkali wa kuogopwa hata na wazazi. Aliposikia mwanafunzi wake wa zamani amefeli, aliona amefeli yeye. Akamwita, akamwambia aje kwake kila siku akitoka kazini. Ulikuwa msimu wa palizi. Wenzake walishika majembe, Gaudensia akashika chaki. Leokadia akiandika insha, mwalimu anafuta. Anaandika tena, mwalimu anafuta tena. Anaandika tena, mwalimu anaguna, anafuta nusu. Wakaenda hivyo hivyo mpaka siku moja insha ikasomwa mwanzo hadi mwisho na hakuna kilichofutwa. Wakati huo magugu yalikuwa yameyameza mahindi yote ya mwalimu. Mwaka ule hakuvuna kitu cha kujaza hata debe.

Wa pili ni mumewe Leokadia, Longino Komba, mkulima wa kahawa aliyeishia darasa la saba. Longino aliona jambo ambalo mwalimu hakuliona. Aliona kwamba mkewe, kila anapotaka kusema Kiingereza, kwanza anatazama pembeni kama kuna atakayemcheka. Basi asubuhi moja akatangaza kwamba kuanzia leo, katika nyumba hii, ni Kiingereza tu. Mkewe akamwuliza atakisemaje na hakijui. Akajibu kwamba atakisema vibaya.

Na kweli alikisema vibaya. Alitaka kusema mbuzi wamekula maharage, akasema maharage yamekula mbuzi. Jioni alimsalimu padri kwa kumtakia asubuhi njema. Kwenye mtambo wa kumenyea kahawa watu wakamwita Mzungu wa Maharage, wakamwiga, wakagaragara kwa kicheko. Longino akacheka nao, kesho yake akaanza upya. Leokadia akamwuliza kama haoni aibu.

"Mama Fausta," akamwambia, "aibu ni mzigo. Acha niubebe mimi, wewe upite mikono mitupu."

Tangu siku ile mdomo wa Leokadia ukaanza kufunguka. Kwanza akawa anamsahihisha mumewe. Kisha akawa anabishana naye. Mwisho wakagombana kwa Kiingereza, ugomvi wa chumvi kuzidi kwenye mboga, mpaka majirani wakasimama kwenye ua kusikiliza, hawaelewi neno ila wamefurahi sana. Mwalimu Gaudensia alilalamika tu kwamba sasa mwanafunzi wake anamletea maharage yanayokula mbuzi hata ndani ya insha, na kuyaondoa ni kazi nyingine.

Wa tatu ni Skolastika Mbunda, muuguzi wa kijiji jirani. Naye alikuwa na chuo chake, naye alijiandikisha kufanya mtihani ule ule, siku ile ile. Wakakodi gari pamoja. Masika yalikuwa yamepamba moto, wakakubaliana waondoke alfajiri.

Leokadia alifika alfajiri. Gari lilifika alfajiri. Skolastika hakufika. Alikuwa amebadili gauni, akarudi kufuata kitambulisho, akarudi tena kuwaaga wakwe. Walipoondoka jua lilikuwa limeshapanda. Na walipofika kwenye mteremko mkubwa, wakakuta kilima kimeporomoka na kuziba njia. Udongo ulikuwa bado unateleza. Dereva akasema wangewahi kidogo tu wangekuwa wameshapita.

Ng'ambo ya tope alisimama mwenye pikipiki, anageuza kurudi Songea. Wakampigia kelele. Akajibu kwamba kwa utelezi ule atapakia mmoja tu, na harudi tena. Wale wanawake wawili wakatazamana. Chuo cha Skolastika kingemngoja, lakini mpaka mwaka unaofuata. Cha Leokadia kisingemngoja kabisa.

"Panda wewe, dada," Skolastika akasema. "Mimi nitangoja mwaka. Wewe hungojwi."

Kisha akavua viatu, akainama, akambeba Leokadia mgongoni, akavuka naye lile tope lililomfika magotini, akamkalisha kwenye pikipiki akiwa msafi. Yeye akabaki pale, amepakaa udongo hadi kiunoni, anampungia mkono.

Pikipiki ikaruka, ikateleza, ikasimama, ikaruka tena. Leokadia alifika mlango unafungwa, akaingia kwa ubavu. Alisikiliza, akasikia. Alisoma, akaelewa. Alipoandika, kalamu ilikimbia mpaka ikabidi aizuie. Kisha akaitwa kwenye chumba cha kuzungumza. Mtahini akamwomba asimulie habari za mtu aliyemfunza jambo.

Leokadia akasimulia habari za Longino. Akasimulia maharage, akasimulia padri, akasimulia ugomvi wa chumvi. Katikati akakosea kitenzi. Zamani, hapo ndipo angekwama. Safari hii akacheka, akakirudia kitenzi kama alivyofundishwa na Gaudensia, akasonga mbele. Mtahini alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho.

Siku ya majibu walipanda wote kilima cha nyuma ya kanisa, mahali pekee simu inapokamata. Leokadia alishindwa kufungua ujumbe. Longino akaichukua simu akasoma kwa Kiingereza chake, na hakuna aliyeelewa kama ni furaha au msiba. Leokadia akamnyang'anya, akasoma mwenyewe, akakaa chini kwenye nyasi. Amefaulu. Amefaulu kote, na kuzungumza ndiko alikopata alama za juu kuliko kote. Vigelegele vikateremka kilima hadi zahanati. Wagonjwa wakatoka nje kuuliza, na mmoja alitoka na dripu yake mkononi. Mwalimu Gaudensia, yule wa kuogopwa, alionekana akiruka.

Siku ya kumuaga Leokadia, alichinjwa nguruwe kwa ajili ya wageni, na jogoo mmoja kwa ajili ya heshima. Katika nyumba ya mama mkwe wake, Bibi Koleta, firigisi hailiwi ovyo. Hupewa mtu mmoja, aliyemwinua mwana wa nyumba ile. Akishaila, humwekea msafiri mkono kichwani na kumbariki, na tangu hapo huitwa mzazi wake mpaka kufa.

Bibi Koleta akaileta kwenye bakuli, akampa Leokadia ampe anayestahili. Leokadia akasimama nayo. Akamtazama mmoja, akamtazama wa pili, akamtazama wa tatu. Hakusogea. Basi wenyewe wakaanza kusema.

Mwalimu Gaudensia akasema, "Mdomo usio na maneno haufaulu mtihani. Maneno yale niliyapanda mimi, nikaacha shamba langu liliwe na magugu."

Longino akasema, "Maneno yako, mwalimu, alikuwa nayo hata mara ya kwanza. Alifeli nayo. Hofu ndiyo iliyomfelisha, na ukali wako ulichangia hofu hiyo. Niliyeitoa ni mimi, na mpaka leo kijiji kizima kinanicheka."

Mwalimu akamjibu kwamba Leokadia angekwenda na Kiingereza cha mumewe peke yake, maharage yangekula mbuzi mbele ya mtahini. Watu wakacheka, na Longino akacheka nao.

Skolastika akasema polepole, "Maneno yenu na ujasiri wenu vyote vilikwama kwenye tope. Leo yeye anasafiri, mimi nimebaki."

Hapo dereva, aliyekuwa miongoni mwa wageni, akauliza ni nani aliyelichelewesha gari.

"Ni mimi," Skolastika akasema, wala hakuinamisha kichwa. "Lakini niambieni, mnamjua nani aliyelipa kosa la asubuhi moja kwa mwaka mzima?"

Bibi Koleta akasema huenda firigisi ni ya Leokadia mwenyewe, kwa kuwa aliyeingia kwenye kile chumba ni yeye, si mwalimu, si mume, si shoga. Leokadia akatikisa kichwa.

"Mama, mtu hajiwekei mkono kichwani mwenyewe."

Mzee mmoja akashauri ikatwe vipande, kila mtu apate chake. Bibi Koleta akakataa katakata. Alisema firigisi ikishakatwa inakuwa kitoweo tu, na kitoweo hakimbariki msafiri.

Nje gari la uwanja wa ndege likapiga honi. Sanduku limeshapakiwa. Gaudensia amesimama, Longino amesimama, Skolastika amesimama, na Leokadia yuko katikati yao ameshika bakuli kwa mikono miwili, macho yamejaa machozi ya furaha, hajui ageukie wapi.

Nami nimeishia hapo. Wewe uliyekaa karibu na mlango, nawe unayecheka kule nyuma, na wewe uliyekuwa umeshajiamulia tangu mwanzo, semeni, na mseme kwa sababu: je, firigisi ile ilikuwa haki ya nani?