Trekta Lisiloogopa Mawe

Ndugu zangu, kaeni. Najua wengine miili iko hapa kanisani na masikio yako juu ya bati, mnasikiliza kama mvua imeanza. Na mimi nina shamba, siwalaumu. Nitawapa mfano mmoja tu leo, na mniwie radhi kama utamgusa mtu mahali panapouma.

Alikuwepo mkulima mmoja, mtu wa nchi ya juu kama hii yetu, ambaye shamba lake lilikuwa na rutuba na mawe kwa pamoja. Mnazijua ardhi za namna hiyo. Unalitoa jiwe mwaka huu, mwakani unakuta limezaa. Miaka yote alililima kwa maksai, na hao maksai mkewe ndiye aliyewakuza tangu ndama, akiwanywesha maji kabla yeye mwenyewe hajanywa chai.

Ukaja mwaka ambao kila mwanamume kijijini alikuwa na neno moja tu mdomoni: trekta. Jirani yake akawa wa kwanza. Alinunua la bei nafuu, lenye jina ambalo muuzaji mwenyewe alilitamka mara mbili kwa namna mbili. Lilikuwa likilima asubuhi, na jioni limefunguliwa boneti, jirani kaingia kichwa chote, miguu tu ndiyo inaonekana. Watu walicheka. Lakini mkulima wetu hakucheka, maana tangu siku ile alipoteza raha.

Alienda mnadani, mbuzi hawaoni, anauliza habari za matrekta. Alienda msibani, wenzake wanachimba kaburi, yeye kamvuta mtu pembeni: "Hivi haya ya bei mbaya, ile bei inatoka wapi? Ni chuma, au ni rangi?" Huyu akamwambia ni jina tu, unanunua jina. Yule akamwambia chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Alirudi nyumbani na majibu mawili yanayopigana, akaketi mezani, akala nusu, akainuka kwenda kulitazama shamba. Akarudi. Akaenda tena. Mkewe akamwambia, "Baba Yasinta, hilo shamba halijahama."

Mwishowe akakata shauri.

"Mama Yasinta, shamba letu ni la mawe. Trekta la rahisi litakufa msimu wa kwanza. Mimi nataka chombo kisichoogopa mawe."

"Na maksai?"

"Itabidi waende."

"Sawa," akasema yule mama. "Ila mimi nikikosa mahindi, sitapika rangi." Kisha akaenda nyuma ya zizi akalia peke yake, kwa sababu aliwapenda wale wanyama, na kwa sababu alijua kwamba wakishatoka, hapo nyumbani hakuna kitu kingine cha kulimia isipokuwa hilo trekta na mikono yake.

Sasa ngojeni, msikimbilie kumhukumu huyu baba. Je, alikosea? Mimi nasema hakukosea. Mtu mwenye shamba la mawe ana haki ya kutafuta chuma cha kweli. Wapo wanaonunua cha ghali ili majirani waone, huyu hakuwa mmoja wao. Alikuwa na sababu, na sababu yake ilikuwa mawe. Likumbukeni hilo.

Trekta likaja. Wallahi lilikuwa zuri, kama mchungaji anaruhusiwa kuapa hivyo. Watoto walilikimbilia, wazee waligongagonga matairi kwa fimbo kana kwamba wanajua wanachosikiliza, mchungaji akaitwa akaliombea. Na siku hiyohiyo ule uchungu wa kuchagua ukamtoka mkulima, ukaingia mwingine mkubwa zaidi. Akalihamisha gunia la mahindi, akahamisha na mengine, akafagia banda la mazao haraka haraka, akaliingiza trekta humo. Akalifunika turubai. Kiti kilikuja na nailoni, akakataza isitolewe. Alipokaa alikaa juu ya nailoni, ikilia chwaa, chwaa kila akigeuka, na yeye akaona ndiyo heshima.

Mvua ikanyesha. Ndugu zangu, kwetu sisi mvua ya kwanza haimsubiri mtu. Asiyeitupia mbegu mapema atavuna majani. Kila nyumba ikatoka. Mkulima naye akaliwasha trekta, akashuka shambani, akalima mstari mmoja. Katikati ya mstari wa pili plau ikagonga jiwe: ngo!

Akazima. Akashuka mbio, akapiga magoti kwenye udongo, akaipapasa plau kama mtu anayepapasa mguu wa mtoto aliyeanguka. Palikuwa na mkwaruzo wa urefu wa kidole. Basi. Plau haikupinda, chuma hakikupasuka, rangi tu ilikuwa imeondoka. Lakini roho yake ilikwaruzika kuliko plau. Akaligeuza trekta, akalirudisha bandani, akalifunika.

"Vipi?" mkewe akauliza.

"Ardhi bado ngumu. Iloane kwanza. Haraka haraka haina baraka."

Mvua ikanyesha tena, ardhi ikaloana. Akasema sasa ni tope, litakwama. Jua likawaka kidogo, tope likaisha. Akasema anasubiri oili ile yenyewe itoke mjini. Alikuwa akitoka nje kutazama mawingu, anaingia bandani, anainua pembe ya turubai, anaifuta taa ambayo haijawahi kuona vumbi, anatoka tena. Hakulima wala hakupumzika. Na mashamba ya jirani yakaanza kuota.

"Baba Yasinta," mkewe akamwambia, "ngoja ngoja huumiza matumbo. Na tumbo letu ni la mwaka mzima."

Unadhani alifanya nini? Jamani, msicheke. Alienda kwa jirani, yule mwenye trekta la rahisi, akamwomba aje amlimie!

Jirani akaja, trekta lake likikohoa, moshi mweusi nyuma. Akakiona kile kilima cha turubai bandani. "Na lile?"

"Lile?" mkulima akasema. "Lile ni la kazi nzito."

Jirani akalitazama shamba. Akayatazama mawe yalivyokaa kama kundi la kondoo waliolala. "Sasa jirani yangu," akasema, "nzito kuliko hii iko wapi?"

Jirani akaingia shambani. Likagoma, akashuka, akagonga mahali na spana, likawaka. Likagoma tena, akafunga waya, akaendelea. Plau yake ilishakosa rangi zamani, ilikuwa ya kutu na udongo tu, na haikumsumbua. Alifika nusu ya shamba, gia zikalia vibaya. Akasema, "Hapa nimefika mwisho wa uwezo wangu. Upande huo wa juu ndiko kwenye mawe makubwa, langu haliwezi. Malizia na lako. Si ndiyo sababu ulilinunua?" Akaliongoza nyumbani polepole kabla halijafa kabisa.

Mama Yasinta alikuwa amesikia yote. Aliweka ndoo ya mbegu chini. Hakupiga kelele, na bora angepiga.

"Uliuza ng'ombe wangu ukanunua kisichovunjika," akasema. "Sasa unakilinda kisivunjike. Niambie mume wangu, tulinunua nini?"

Hapo aibu ikamshika. Ikamshika kwelikweli, mpaka masikio yakawa moto. Akaenda bandani akalivuta turubai lote kwa mara moja, akapanda, akazungusha ufunguo.

Kimya.

Akazungusha tena. Hata kukohoa halikukohoa. Fundi ikabidi atafutwe mjini, na mafundi wa haya makubwa mnawajua, mpaka aje umeshaota mvi. Alipofika alifungua ubavu wa trekta, akaingiza mkono, akatoa konzi ya majani makavu, matambara na punje za mahindi. Kiota. Lile banda la mazao halikuwa na mahindi tena, lakini panya wake walikuwepo, na kwa njaa na baridi waliona chini ya turubai pana joto. Nyaya zote zilikuwa zimetafunwa.

"Lakini waliniambia haliogopi kitu," mkulima akasema, na sauti yake ilikuwa ya kulia.

"Haliogopi mawe, mzee wangu. Kulala ndiko kunakoliua." Fundi akafuta kioo kidogo mbele ya usukani. "Tazama hapa. Trekta hatulihesabii umri kwa miaka, tunalihesabia kwa saa lilizofanya kazi. Lako halijazaliwa bado."

Akalitengeneza. Likaunguruma, na banda lote likatetemeka. Mkulima akalitoa mbio, akalipeleka upande wa juu, kwenye mawe yale makubwa, akashusha plau bila kutazama nyuma. Na ndugu zangu, lilikwenda! Liliyageuza mawe kama mtu anayegeuza viazi jikoni. Halikugoma, halikuyumba, halikulia hata gia moja. Kwa asubuhi moja akamaliza upande wote ambao maksai wangeufanyia kazi kwa siku nyingi. Lile swali alilolizungusha mnadani na makaburini likajibiwa. Lilistahili bei yake. Lilistahili kila ng'ombe.

Akashuka anacheka. Akamkuta mkewe amesimama kwenye ukingo wa shamba na ndoo ya mbegu, ameokota bonge la udongo lililopinduliwa. Akalifikicha. Likapukutika, upepo ukalichukua. Mvua zilikuwa zimekwisha kupita wakati wakimsubiri fundi.

"Umelima vizuri, Baba Yasinta," akasema. "Nipande wapi?"

Wapendwa, mwaka ule walikula nusu ya shamba, ile nusu iliyolimwa na trekta la kuchekwa.

Sasa tugeuke kwetu. Sisi wote hapa tumepewa kitu cha bei kubwa. Hatukukinunua sisi, na aliyetulipia hakuuza ng'ombe, alijitoa mwenyewe. Na wala hakutupa ili tung'ae Jumapili. Alitupa kwa sababu aliona mashamba yetu yana mawe. Upendo huu uliundwa kwa ajili ya mtu asiyependeka. Msamaha huu uliundwa kwa ajili ya kosa lisilosameheka, maana lile dogo hata mpagani analisamehe kwa kikombe cha chai. Sasa mbona tunauzungusha kwenye udongo laini tu? Tunampenda anayetupenda, tunamtembelea anayetutembelea, na tukigonga jiwe moja, neno moja la kejeli, mlango mmoja uliofungwa, tunazima, tunageuza, tunarudi kanisani kujifunika. "Nalinda wokovu wangu, mchungaji." Unaulinda na nini? Wenyewe si ndio ulipaswa kukulinda wewe?

Kisha tunashangaa imani haiwaki siku tunayoihitaji. Haikuuawa na Shetani mkubwa mwenye pembe. Iliuawa na kulala. Vilio vidogo, vinyongo vidogo, visingizio vya tope na vya oili, vimetafuna nyaya moja moja huku sisi tunafuta taa. Mtu anasimama hapa anasema, "Nina miaka thelathini katika wokovu." Mzee wangu, mama yangu, Mungu hakuulizi miaka. Anatazama kile kioo kidogo. Umefanya kazi saa ngapi?

Na wewe uliye na imani ya kukohoa, inayogoma kila kona, unayoifunga waya ili ifike jioni, usione haya. Nusu ya shamba imelimwa na watu kama wewe.

Nilipokuwa nasema mawe, najua kila mtu hapa alijiwa na jina moja. Ni kaka mliyegombania naye mpaka wa shamba, ni mkwe, ni mtoto uliyemwambia asikanyage kwako tena. Usilifukuze jina hilo. Mimi nilikuwa nimepanga tuimbe wimbo wa mwisho na kutoa baraka. Leo sitaitoa. Tokeni hivi hivi, mwende kwanza kwa mtu huyo, kabla ya chakula, kabla hamjapata sababu. Akikufungulia, akikufukuza, shauri yake na Mungu wake. Wewe utakuwa umelima.