Donge la Unga Kwapani

Wapendwa, leo twende mbali kidogo, Rumi ya zamani sana. Mtu ninayemsimulia nimemtunga mwenyewe, kwa hiyo msiende kumtafuta vitabuni.

Kulikuwa na mtunzi mmoja wa maigizo ya kuchekesha. Kabla ya kupata jina alikuwa kibarua wa mwokaji mikate. Yeye na mwenzake walisukuma jiwe kubwa la kusagia ngano, wanazunguka kutwa nzima. Hapo ndipo alipojifunza kuchekesha, maana bila utani kazi ile ingewaua. Miaka ikapita, akawa mtu wa kusikilizwa na mji mzima. Lakini jamani, aliukumbuka ujana ule! Alikumbuka vumbi la unga puani, jasho, na jinsi wawili wale walivyokuwa wakicheka. Sasa alikula vizuri, na bado alizitamani siku zile.

Basi akaandika igizo la kule kwenye jiwe. Akamtafuta mwenzake, ambaye sasa ni mzee na bado anasukuma, akamketisha mbele kabisa. Akatoka mwigizaji mwenye barakoa ya mdomo mpana, akaiba donge la unga, akalificha kwapani, kisha akamwapia tajiri yake kwamba lile ni jipu. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Desturi ya kule, igizo likiisha mwigizaji husogea mbele na kuomba makofi. Akaomba, wakapiga. Mzee mikono yake imetulia magotini.

Mtunzi akamfuata. Makofi ya mji mzima hayakumtosha. Aliyataka ya mtu huyu mmoja.

"Ndugu yangu, hukufurahi? Yote nimeyatoa kwetu."

"Umeeleza vizuri. Ila lile donge, nilikuwa nampelekea nani?"

Mtunzi akainama. Hakuwa amesahau. Mwaka ule mwenzake alipoiba, yeye alilala na homa wiki tatu, na madonge yale, yaliyookwa kwenye majivu, ndiyo yaliyomwinua.

"Hapo nilipaacha," akasema, "kwa sababu hapachekeshi."

Sasa msianze kuniuliza habari za wizi, hilo tutalisema siku nyingine. Nauliza hivi: sisi tukisimama hapa kushuhudia tulikotoka, si tunachekesha? Chumba kimoja cha kupanga, ugali kwa chumvi, shangazi anayekoroma. Tunaipenda zamani ile, kweli kabisa. Mbona hatusemi kwamba shangazi alilala sakafuni ili sisi tulale kitandani? Hatusemi, kwa sababu tukisema, wa kusifiwa si sisi tena.

Shangazi yangu mnamjua. Nimewachekesha naye Jumapili nyingi katika madhabahu hii, na hilo la sakafuni mmelisikia leo kwa mara ya kwanza. Amekuja. Ameketi pale, safu ya tatu.

Shangazi, nisamehe.