Somo wa Mtoto wa Mize

Hapo zamani, si zamani ya masultani, hii ya juzijuzi, kisiwa kimoja kilikuwa na swichi moja ya mtandao na mafundi watatu: Shinuna, Raya na Siwatu. Swichi ni bawabu, jamani. Ujumbe ukifika, hutazama amri alizonazo kichwani. Amri ikiwapo, ujumbe hupita papo hapo. Isipokuwapo, humuuliza mkuu wake, programu iliyokaa ng'ambo, na ujumbe hungoja. Na kichwa cha bawabu huyu kilibeba amri elfu mbili. Ya ziada haiingii mpaka moja itupwe!

Siku moja kabla ya Idi, kisiwa kizima kilipigiana simu za picha, na kila simu ikataka amri yake. Kichwa kikafurika. Mchana huohuo Mize akashikwa na uchungu zahanati, mtoto katanguliza miguu. Daktari yuko ng'ambo, anatazama kwa picha. Mkunga anafuata sauti yake. Sauti ikichelewa, atavuta wakati wa kuacha.

Shinuna alikuwa kashampitia Mize asubuhi. Akaiweka amri ya picha ya zahanati kabla haijaombwa, akaifunga isitupwe. Daktari akaona, akamwelekeza mkunga, miguu ikatoka. Mara sauti, isiyowekewa amri, ikaanza kukwama.

Raya akazikusanya amri mia nne za simu za sokoni, zote za njia moja, akazifanya amri moja. Mia nne kuwa moja, wallahi! Sauti ikapita, mabega yakatoka. Kufumba na kufumbua, simu mpya zikajaza nafasi, bawabu akaitupa amri ya sauti. Kichwa cha mtoto kimebaki ndani.

Siwatu akatafuta simu iliyo kimya. Akaipata, na namba akaijua: mama yake na kaka yake aliye ughaibuni, wanatazamana tu, hawasemi. Akaifuta amri yake, akaweka ya sauti, akaifunga.

"Inua sasa!" daktari akasema, na mkunga akainua saa ileile. Mtoto wa kike akalia. Siwatu akaduwaa mbele ya skrini, machozi yanamtoka. Neno limevuka bahari likafika kabla mkono haujakosea!

"Subhana Llah," akasema.

Siku ya saba Mize akawaita. Kwao mtoto hupewa jina la aliyemfaa, naye huyo akawa somo wake, wa jina moja naye. "Jina moja, nanyi watatu. Semeni."

"Bila mimi daktari angeona nini?" Shinuna akauliza. "Nilikukumbuka kabla hujalia."

"Mimi nilipata nafasi bila kumdhulumu mtu," Raya akasema.

"Mimi nilimkata mama yangu," Siwatu akasema. "Mpaka leo hanisemeshi."

"Nani alikutuma?" Raya akadakia. " Ungeningoja, ningezikusanya amri za bandarini pia!"

"Kichwa cha mtoto kingengoja, shoga?"

Haya wenzangu, msinitazame mimi. Mize kampakata binti, na binti hana jina. Je, nani alistahili kuwa somo wake?