Pimbi Alipolegeza Wimbo

Paukwa!

Pakawa!

Mnaitika kama mmeshindia maji. Paukwa!

Pakawa!

Pakacha langu limetoboka.

Lilikuwa na nini?

Lilikuwa na ngano, zimemwagika zote, nimeokota hii moja. Kaeni basi. Na wewe unayekohoa, maliza kabisa.

Hapo kale palikuwa na kundi la ngoma kwenye majabali ya juu ya chemchemi. Pimbi, mfupi, hana hata mkia, ndiye aliyekuwa mwimbaji. Nungunungu alitikisa miiba. Chura alipiga ngoma, na ngoma ya Chura haikupigwa baridi. Kwanza aliikanga motoni, ngozi ikakaza mpaka ukiigusa kwa kidole inapiga kelele.

Ngoma: ka! ka! ka!

Miiba: chwa! chwa!

Pimbi: kwaaaa!

Jamani, ulikuwa muziki mbaya. Sitawadanganya. Swala waliziba masikio. Kima alisema afadhali kuumwa jino. Lakini walikuwepo wachache waliokuja kila jioni, na aliyewahi kuliko wote ni Bi Bundi. Bundi mnamjua, mnamfukuza kwenye mapaa yenu kwa mawe. Mwanawe, Tunu, alianguka kutoka kiotani siku ya upepo. Akalia kwaaaa! mara moja tu, basi. Pimbi aliutia mlio ule kwenye wimbo, vilevile ulivyokuwa. Bi Bundi alikuja kuusikia kwa sababu hapakuwa na mahali pengine duniani ambapo mtoto wake bado alikuwa na sauti.

Siku moja akaja Fisi. Fisi ndiye aliyejifanya bwana wa chemchemi, tumbo mbele, mwenye taya la kuvunja mfupa wa nyati.

"We Pimbi," akasema, "mbona mnawaimbia hawa wachache?"

"Ndio wanaokuja, Mzee."

"Ndio wanaokuja! Legezeni huo wimbo. Uwe laini, uingie masikioni, waje wanyama wote. Mimi nitakaa njiani, kila anayepita anipe mfupa."

"Wimbo huu haulegezeki, Mzee."

Fisi akaruka. Alimnyakua Chura, hap! Akambana kwenye meno, miguu inaning'inia nje. Kisha akasema kwa mdomo uliojaa:

"Egeza!"

"Umesemaje, Mzee?"

"Egeza, au nameza!"

Pimbi akasogea karibu. Akaichukua ngoma mwenyewe, akapiga taratibu, akaimba taratibu. Na meno ya Fisi yakalegea, kidogo tu. Pimbi akaliona hilo, akanyamaza nalo.

"Egeza!" akasema Fisi.

Pimbi akachota maji, akainyunyizia ngozi ya ngoma. Ngoma: du, du, du. Taya la Fisi likalegea tena.

"Legeza!" akasema Fisi, na safari hii neno lilitoka zima.

Pimbi akamkonyeza Nungunungu. Nungunungu akalaza miiba yake: shwii, shwii. Taya likashuka.

"Legezaaa," akasema Fisi, macho yanasinzia.

Hapo Pimbi akaitumbukiza ngoma yote chemchemini, akaitoa inachuruzika. Akaimba kwa sauti ya mama anayebembeleza mtoto: laaa, laaa, laaa. Fisi akafumba macho. Taya likaanguka, pwa! Chura akaruka, chubwi! majini. Nungunungu akachomoa mwiba mnene akausimamisha katikati ya mdomo wa Fisi, kama nguzo ya kibanda. Fisi kuamka, afunge mdomo, haufungiki! "Aaa! Aaa!" Akatimua mbio, na nijuavyo mimi bado anakimbia.

Mnacheka. Chekeni sasa, maana mbele hakuna kicheko.

Wanyama walikuwa wameusikia ule wimbo laini. Swala wakaja, Kima akaja, Pundamilia akaja na watoto. "Huo huo!" wakapiga kelele. "Tena!" Wakaimbiwa tena, na kesho yake tena, na kila jioni tena. Ngoma ikawa inapigwa mbichi, du, du, du, na majabali yakajaa wachezaji.

"Kaka," Chura akamwambia Pimbi, "kuna ubaya gani? Mimi ni mzima, na watu wanatupenda."

Wimbo ule ulikuwa umemwokoa ndugu yake, Pimbi angeuchukiaje?

Jioni moja Bi Bundi alisubiri umati uondoke. Akashuka tawini.

"Mwanangu, niimbie ule wa Tunu."

"Mara moja, mama," Pimbi akasema, na moyo wake ulifurahi kweli.

Chura akaikanga ngoma. Ngozi iliyokwisha kulowa kiasi kile haikukaza. Ilijikunja, ikapasuka, praa! Pimbi akasema si kitu, ataimba bila ngoma. Akaimba mpaka pale pa ule mlio, akavuta pumzi, akafumbua mdomo.

"Laaaa."

Ikatoka laini. Akakohoa, akajaribu tena. Laaaa. Akajikwaruza koo kwa ncha ya mwiba alioazimwa na Nungunungu. Laaaa. Mwishowe alilia, machozi ya kweli, na hata kilio kilitoka kitamu.

Bi Bundi alisikiliza mpaka mwisho.

"Ni mzuri," akasema. "Umenibembeleza."

"Nisamehe, mama."

"Sikuja kubembelezwa, mwanangu. Nilikuja kumsikia."

Akaruka, akaenda zake, hakurudi tena. Na hivyo ndivyo Tunu alivyokufa mara ya pili, safari hii bila hata kulia.

Mnaniuliza funzo. Funzo lipo, msiwe na wasiwasi. Ukitaka kupendwa, legeza. Wote walifurahi isipokuwa bundi mmoja, na bundi ni ndege wa mkosi, hahesabiwi. Kwa hiyo watoto, mkiimba, imbeni kwa sauti tamu.

Ngano imekatikia hapo. Aliyeipenda aende nayo. Ambaye imemchoma aniachie, nitalala nayo mimi.