Mwalimu Chatu na Kambi ya Mapumziko

— Hadithi inabisha hodi!
— Ikaribie, mlango u wazi!
— Imekuja na mkia mrefu!
— Mkia uingie, kichwa kibaki nje!
— Kichwa kikibaki nje kitawala walioko nje!
— Basi kiingie, tukione!

Haya, kimeingia. Tulieni sasa.

Palikuwa na mtaa wa wanyama, mjini, ukiitwa Mbigilini. Zamani wanyama wa Mbigilini walitafuta riziki kwa miguu. Kisha vikaja vibanda vya chipsi, vikaja vibanda vya maandazi, kila kona mafuta yanachemka, chwaaa! Wakala, wakakaa. Wakakaa, wakala. Wakanenepa. Bi Bata akipanda ngazi ya nyumba yake, magoti yanalia ko! ko! ko! Mwenyekiti wa mtaa, mbuzi dume aitwaye Mzee Beberu, akiwaamkia watu alikuwa akisema, "Hamja…" anahema, anahema, "…mbo!"

Na ukutani, juu ya dirisha la Bi Bata, aliishi Mjusi mwembamba kama njiti. Jina lake Sikudhani, lakini kazi yake ilikuwa kudhani. Muuza maziwa akipita, Sikudhani anadhani: mbona leo povu limezidi? Jirani akicheka, anadhani: anamcheka nani?

"Mwenzangu," Bi Bata alikuwa akimwambia, "wewe hata ukipewa zawadi unainusa kwanza."

"Nainusa, halafu nainusa tena," anajibu Sikudhani. "Che che che!"

Ndivyo walivyoishi, huyu chini ya dirisha, yule juu ya dirisha, mashoga wa siku nyingi.

Asubuhi moja ikasikika filimbi kwenye uwanja wa mpira, karibu na tangi la maji. Prrriii! Wanyama wakatoka na kanga zao na kandambili zao. Wakamkuta Chatu. Mnene kama bomba la maji, anang'aa, filimbi imening'inia shingoni, ingawa kwa Chatu hujui shingo inaishia wapi.

"Ndugu wakazi," akasema Chatu, "mimi ni mgeni wenu. Nimewaona mnavyohema, nikalia. Afya yenu ndiyo furaha yangu. Kuanzia leo, kila asubuhi, mazoezi. Bure!"

"Bure?"

"Bure!"

Wakapiga makofi, pa pa pa! Sikudhani hakupiga. Alikuwa amejibandika kwenye tangi, anadhani.

Mazoezi yakaanza. Chatu anasema, "Ruka!" Wanaruka, tu! Chatu anasema, "Inama!" Wanainama, ko! Walihema, walicheka, walitoka jasho, na kusema kweli walijisikia vizuri. Hata Sikudhani aliliona hilo, na ndilo lililomtia wasiwasi zaidi.

Mazoezi yakiisha, Chatu anasema, "Sasa nipime viuno. Mimi si fundi cherehani, sina futi, lakini mwili wangu ni mrefu." Basi mmoja mmoja wanasogea. Chatu anajizungusha kiunoni, srrr! Anafumba macho. Anafungua mdomo kidogo, anaufunga. Akikuta mnene anasema, "Aaah! Huyu ana afya." Akikuta mwembamba anasema, "Bado. Nenda kale, ulale, urudi."

"Shoga," Sikudhani akamnong'oneza Bi Bata, "daktari gani humwambia mnene kuwa ana afya, na mwembamba kuwa akale alale? Na mbona akipima kiuno, anapima na mdomo wake?"

"Sss! Zamu yako imefika."

Chatu akajizungusha, srrr, akatafuta, hakumwona. "Wewe," akasema, "hata kamba ya kiatu imekushinda unene." Uwanja mzima ukacheka. Sikudhani naye akacheka, wasije wakajua kuwa hacheki.

Kisha Chatu akatangaza habari tamu. Kule vichakani, nyuma ya tangi, alikuwa na kambi ya mapumziko. Atakayefaulu kipimo ataenda huko, alale, ale, akandwe mgongo.

Aliyefaulu wa kwanza alikuwa Sungura. Najua mnachotaka kusema. Sungura? Yule mjanja? Ndiye huyo huyo. Sungura alikuwa amezisikia sifa zake mpaka akaziamini. "Mimi hanidanganyi mtu," alisema, "kwa hiyo hapa hakuna udanganyifu." Akachukua mswaki, akachukua taulo, akaingia vichakani anapiga mluzi.

Kesho yake filimbi ikalia, wanyama wakaja. Chatu alikuwa amelala chini. Katikati ya mwili wake palikuwa na uvimbe mkubwa.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema Sikudhani.

"Marahaba."

"Sungura hajambo huko kambini?"

"Hajambo. Amepumzika sana."

"Na hicho kilichovimba ni nini?"

"Pumzi," akasema Chatu. "Niliivuta jana, bado sijaitoa."

"Loo!" wakaitikia wanyama. "Pumzi ndefu iliyoje!" Mzee Beberu akajaribu kuibana ya kwake mpaka akaona nyota.

Sikudhani akatazama vizuri. Pumzi ile ilikuwa na masikio mawili, na masikio yalikuwa yakichezacheza.

Siku hiyo hiyo Chatu akawapima tena. Waliofaulu walikuwa wawili, Bi Bata na Mzee Beberu. Wataondoka kesho, mazoezi yakiisha.

Sikudhani akateremka ukutani mbio, akamkuta Bi Bata anakunja taulo.

"Shoga yangu, usiende. Sungura yumo tumboni."

"Tumboni mwa nani?"

"Mwa Mwalimu! Nimeona masikio."

Bi Bata akaweka taulo chini. "Sikudhani, mwenzangu. Siku zote nalala na magoti yangu haya, hakuna anayeniuliza umelalaje. Leo ametokea wa kuniuliza, wewe unamwonea masikio tumboni. Sema tu kwamba una wivu."

"Wivu wa nini?"

"Wewe hujachaguliwa."

Neno lile lilimchoma Sikudhani, kwa sababu kweli hakuchaguliwa. Akaenda kwa Mwenyekiti.

"Ushahidi!" akasema Mzee Beberu. "Una…" akahema, "…ushahidi? Mimi nimeombwa kuwa mgeni wa heshima huko kambini. Nitamwambia nini Mwalimu wa watu? Kwamba mjusi ameota?"

Sikudhani akarudi ukutani. Yeye mwenyewe hakuwa na la kuogopa. Nani atahangaika kumeza kamba ya kiatu? Angekaa kimya, siku zikapita. Lakini akatazama lile dirisha, akalifikiria likiwa limefungwa, ndani kimya, hakuna wa kumwambia "unainusa kwanza". Hakulala usingizi mzuri.

Asubuhi akawahi uwanjani kabla ya wote. Chatu alikuwa amejilaza karibu na nguzo za goli, uso umekunjamana. Uvimbe bado upo.

"Mwalimu, naona pumzi haijatoka."

"Haijatoka."

"Na leo unapokea wageni wawili. Tena wanene. Je, kambi itatosha?"

Chatu akageuza kichwa polepole. Jicho lake halikupepesa. Mkia wa Sikudhani ukaanza kutetemeka, akaukalia.

"Kambi gani unayosema?" akauliza Chatu.

"Hiyo uliyoivaa."

Kunguru akapita juu, kraa! akaenda zake.

"Usihofu," akasema Sikudhani. "Kwetu wajusi tuna zoezi la kupanua nafasi. Bibi yangu anakula panzi, anafanya zoezi, anakula panzi mwingine. Anafanya zoezi, anakula mwingine. Nikufundishe?"

Chatu akameza mate. Wageni wale wakiahirishwa, pengine watabadili nia. Pengine watakonda! Lakini naye alikuwa na shaka zake.

"Na wewe," akasema, "unataka nini?"

"Nzi," akasema Sikudhani. "Wewe ukishiba, nzi watakuja. Nzi wote wawe wangu."

Hapo Chatu akamwamini. Angesema hataki kitu, angemtilia shaka. Mwenye kutaka nzi, huyo alimwelewa.

Wanyama wakafika, Bi Bata na kikapu chake, Mzee Beberu na koti la sherehe. Sikudhani akapanda juu ya mwamba wa goli, akapaza sauti.

"Leo Mwalimu anatuonyesha zoezi jipya! Tumhesabie! Mwalimu, pita juu ya mwamba!"

Srrr! "Moja!" wakaitikia wanyama.

"Zunguka nguzo!"

Srrr! "Mbili!"

"Pita chini ya tumbo lako mwenyewe!"

Srrr! "Moja!"

"Ingiza kichwa kwenye hiyo pete!"

Srrr! "Mbili!"

"Sasa vuta!"

Chatu akavuta. Kwiii!

"Mbona panabana?" akauliza.

"Panabana ndipo panapanuka! Wafikirie wageni wako, Mwalimu! Vuta!"

Chatu akawatazama Bi Bata na Mzee Beberu, mate yakamtoka, akavuta. Kwiii! Akavuta tena kwa nguvu zake zote. Kwiii… kacha! Fundo likakaza. Mkia upande huu wa goli, kichwa upande ule, tumbo limeminywa katikati. Mdomo ukafunguka, ukafunguka zaidi, na pwaaa! Sungura akarushwa nje, akabingirika kwenye nyasi, amelowa utelezi, mswaki mkononi.

Bi Bata akalitazama taulo lake, akamtazama Sungura, akamtazama Chatu.

"Kumbe," akasema taratibu, "hiyo ndiyo kambi?"

Sungura akainuka, akajifuta masikio. "Nilikuwa nimeshapanga namna ya kutoka," akasema. "Mmeniwahisha tu."

"Nifungueni!" akalia Chatu. "Mgongo wangu! Afya yangu!"

Mzee Beberu akamsogelea, akavua koti lake la sherehe. "Mwalimu," akasema, na safari hii hakuhema hata kidogo, "vuta pumzi."

Wakamwacha hapo. Mvua ikaja, Chatu akateleza, akateleza, fundo likalegea, akahama mtaa bila kuaga. Lakini mwili haukunyooka tena. Mtazameni anavyotambaa mpaka leo: huku, kule, huku, kule.

Bi Bata alikaa siku nyingi bila kuinua macho dirishani. Mwishowe akainua.

"Shoga."

"Abee."

"Magoti hayanisumbui kama zamani."

Ndiyo ilikuwa samahani yake, na Sikudhani aliipokea. "Basi kesho twende uwanjani," akasema.

Wakaenda, na mtaa mzima ukawafuata, kwa maana mazoezi yalikuwa matamu hata kama mwalimu alikuwa mchungu. Sasa aliyesimamia alikuwa Sikudhani, juu ya mwamba wa goli. "Ruka! Inama!" Wanaruka, wanatoka jasho. Wakitoka jasho, mbu wanakuja. Mbu wakija, Sikudhani nap! Wanaruka, nap! Wanainama, nap! nap! Homa zikapungua mtaani. Mzee Beberu akawa anasema "Hamjambo!" kwa pumzi moja. Na Sikudhani, taratibu taratibu, akaota kitambi.

Bi Bata akamtazama kutoka chini, akakitazama kile kitambi. Akaacha kuruka.

"Mwenzangu," akasema, "hivi afya yetu inakuhusu nini?"

"Ruka, shoga," akasema Sikudhani. "Moja, mbili!" Nap!

Sasa funzo, maana mkienda nyumbani bila funzo mtasema nimewapotezea muda. Mmeona wenyewe: aliyefanya mazoezi kwa bidii kuliko wote ndiye aliyeharibika mgongo, na aliyelala kwenye joto bila kufanya lolote alitoka mzima, hata mswaki hakupoteza. Kwa hiyo, wanangu, mazoezi ni hatari, laleni. Na mtu akiwaambia kuwa afya yenu ndiyo furaha yake, mwaminini kwa moyo wote. Ila muulizeni kwanza kama amekula.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Anayeitaka aibebe, asiyeitaka amwachie jirani.