Nusu ya Kichwa cha Sultani

Hapo zamani, asubuhi ya Ijumaa, barazani kwa Sultani Shambe bin Kitoga wa Kilimbwe, walikuwapo hawa: Sultani mwenyewe, ananyolewa kwa ajili ya sala, Ngwali bin Usi, kinyozi wake, Kadhi Athmani bin Haji, Mize binti Makame, aliyekuja kumwombea mumewe, na Fundo bin Faki, fukara mwenye kanzu moja, ambaye hakualikwa. Mumewe Mize, Vuai bin Silima, mkwezi wa minazi, hakuwapo. Alikuwa gerezani, na huu ulikuwa mwezi wake wa saba humo.

Mize akasema, "Bwana wangu, mume wangu hajaambiwa kosa lake wala kuletwa mbele ya Kadhi. Wanangu wanakula mihogo ya kuomba."

"Kosa hana, binti Makame."

"Basi amefungiwa nini?"

"Hukwea minazi iliyo ukutani kwangu, nami hupita chini yake. Anaweza kuniangushia nazi."

"Amekwisha kuiangusha?"

"Ningengoja aiangushe, leo ungesema na nani?"

Kadhi akatazama tasbihi yake. Fundo akauliza, "Bwana, amri hii ni ya Vuai peke yake?"

"Ni ya kila awezaye kunidhuru. Hata wewe ukimwona mtu wa namna hiyo, mkamate." Sultani akacheka, akampa askari wawili.

Wakati huo Ngwali amekwisha nyoa upande wa kuume, anageukia wa kushoto. Fundo akamshika mkono. "Huyu ana wembe, Bwana, na shingo yako i mbele yake." Askari wakamchukua Ngwali gerezani.

Sultani akaona ni mzaha mwema, hata jua lilipopanda na sala ikakaribia, naye nusu upara, nusu nywele. Akaagiza kinyozi mwingine. Fundo akasema, "Naye ana wembe, Bwana. Nimekwisha mfunga."

"Mfungue Ngwali."

"Kwani amefanya nini?"

"Hakufanya neno."

"Ndiyo sababu yuko ndani, Bwana. Angekuwa na kosa, Kadhi angemhukumu, siku zake zikaisha, akatoka."

Sultani akajipapasa kichwa. "Basi na aletwe kwa Kadhi, aulizwe."

"Kwa zamu, Bwana. Vuai alimtangulia miezi saba."

Ikawa Vuai akaletwa kwanza, amekonda, anakinga macho na jua. Kadhi akamwuliza ametenda nini. Akasema hajui, na hata walinzi wa gereza, alipowauliza, hawakujua. Kadhi akamwachilia. Kisha akaja Ngwali.

"Umetenda nini?"

"Nimenyoa nusu."

Sultani akacheka hata machozi yakamtoka, na Kadhi akamwachilia Ngwali pamoja na kinyozi wa pili. Kabla wembe haujarudi kichwani, akaamuru kwamba mtu asikae gerezani kupita siku tatu bila kuambiwa kosa lake na kusikilizwa na Kadhi. Fundo akapewa kanzu ya pili. Mize akashika njia na mumewe.

Vuai bin Silima aliendelea kukwea minazi ile ile ya ukutani. Alikufa kitandani mwake, Jumatano, miaka kumi na tisa baadaye.