Mapembe na Joto la Tanuri

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa nini?"
"Tuambie wewe!"

Pakawa na mabeberu wawili katika zizi la Bi Zuwena. Mapembe alikuwa mweusi, mnene, tena mchoyo. Kidoti alikuwa mdogo, mwenye madoa. Kila Kidoti alipomsogelea jike, Mapembe alimpiga kumbo, pu! Kidoti chini.

Siku moja Bi Zuwena akasema, "Majani yamekuwa haba. Msimu huu majike wakizaa, nitatazama rangi. Weusi ni wa Mapembe, wa madoa ni wa Kidoti. Beberu atakayekosa mtoto, pilau."

Kidoti hakuwa amewahi kupata mtoto hata mmoja. Akamwendea Mapembe.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Unataka kumbo lingine?"

"Hapana. Nakuonea huruma tu. Watoto wako wana rangi yako, lakini masikio ya mama zao."

"Kwa nini?"

"Ni mambo ya korodani, kaka. Mle ndani chembe hujigawa. Moja huwa mbili, mbili huwa nne. Mwishowe kila mbegu hubeba nusu yako tu, ikaota mkia, ikaenda zake. Nusu nyingine anatia mama."

Hayo yalikuwa kweli tupu.

"Nusu? Mimi nataka mtoto awe mimi mtupu."

"Basi zipashe moto. Zikiiva, zitakubeba mzima."

Huo ulikuwa uongo mtupu.

Nyuma ya zizi palikuwa na tanuri la matofali, juu yake vuguvugu. Mapembe akapanda, akakaa. Fuku, fuku, fuku.

"Zimeiva?"

"Bado, kaka. Mbegu huchukua wiki nyingi."

Kesho yake akakaa tena. Fuku, fuku, fuku.

"Zimeiva?"

"Bado, kaka. Usiinuke."

Hakuinuka mchana kutwa, wiki baada ya wiki. Huku chini Kidoti akawatembelea majike kwa raha zake. Jioni Mapembe alishuka, naye akawatembelea, lakini kazi bure. Korodani zinaning'inia nje ili zipate ubaridi. Zikikaa kwenye joto siku nyingi, mbegu hazitengenezeki. Mapembe hakuwahi kujiuliza kwa nini zinaning'inia.

Msimu wa kuzaa ukafika. Meee! Wa madoa. Meee! Wa madoa. Meee! Wa madoa tena. Bi Zuwena akatafuta mweusi zizi zima, hadi chini ya hori. Kisha akaenda kuloweka mchele.

"Kidoti," Mapembe akauliza, "zimeiva?"

"Leo zitaiva, kaka. Pamoja na wewe mzima."

Basi wanangu, funzo ni hili: uongo haumfikishi mtu popote. Kamuulizeni Kidoti, mkimpata, maana siku hizi ana watoto wengi.

Hadithi nimeifungia zizini. Anayeitaka akaifungulie mwenyewe, ila asipige kumbo.